Hoteli ni Usiku

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi katika ukumbi wa Tononoka hapa Mombasa, mbele ya wafanyakazi wa hoteli za kisiwani na wenye hoteli wachache. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa kuja. Najua wengi wenu mlikosa kwa sababu mlikuwa zamuni, au mmelala baada ya kukesha, na nyinyi ndio hasa niliokuwa nawasemea.

Assalamu alaykum. Hamjambo nyote?

Sijasikia vizuri. Hamjambo?

Haya, sasa mmeamka.

Wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi wanangu wa mapokezi, wa vyumbani, wa jikoni na wa getini, ahsanteni kwa kuniita. Nilipoingia hapa, askari wa mlangoni alinifungua mkoba akakuta ndani mna kufuli kubwa limepinda. Akaniangalia, nami nikamwangalia. Nikamwambia, "Mwanangu, utajua leo." Akaniruhusu nikapita. Yule pale, amesimama.

Nimefanya kazi katika hoteli za mji huu miaka 31. Nilianza kwa kufua shuka juani, nyuma ya gesti moja ya vyumba tisa kule Mwembe Tayari. Nikawa wa vyumbani, kisha wa mapokezi, na miaka 14 katika hiyo 31 nilikuwa kwenye kaunta ya usiku. Cheti cha chuo cha utalii sina. Nilicho nacho ni magoti mabovu na kumbukumbu isiyosahau chumba.

Nimeombwa niseme juu ya usalama, starehe na huduma kwa mgeni. Mada hiyo mmeisikia kwenye semina kumi, na kumi zote mmesinzia. Mimi nitaisema kwa maneno matatu tu: hoteli ni usiku.

Hapa kwetu mtu akikwambia "twende hotelini" huenda anakupeleka kunywa chai na mahamri. Sisi leo tunazungumzia ile ya kulala. Hebu niulize: mgeni analipia nini pale? Kitanda? Kitanda anacho kwao. Sabuni ndogo ile? Analipa ili apate kufumba macho katika mji asioujua, na akiamka akute vitu vyake vipo na yeye mwenyewe yupo. Basi.

Na saa ile anapofumba macho, nani yuko macho? Meneja? Meneja yuko kwake Nyali, feni inazunguka. Mwenye hoteli? Msinijibu, wako hapa mbele. Aliye macho ni askari mmoja getini na kijana mmoja kaunta. Kijana huyo mara nyingi ndiye mgeni kuliko wote kazini, ndiye wa mshahara mdogo kuliko wote, na ndiye hajakabidhiwa ufunguo hata wa kabati la taulo. Mchana hoteli ina watu ishirini wa kumwambia mgeni karibu. Usiku ina wawili. Na hoteli ni usiku.

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nimekuja kuwasuta watu.

Nilikuwa na miezi miwili tu kaunta. Saa tatu usiku akaingia dada mmoja kutoka Nakuru, ametoka kwenye basi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amekuja kwa shughuli za kazi, yuko peke yake. Lobi ina wanaume watatu wanatazama mpira. Mimi, kwa ukarimu wangu wa Kimombasa, nikamwambia kwa sauti nzima: "Karibu dada! Chumba chako ni 214, ghorofa ya pili, mwisho kabisa wa ujia, kimya, hakuna wa kukusumbua."

Mnaona nilichofanya?

Saa saba usiku simu ya kaunta ikalia. Akanong'ona, "Kuna mtu anazungusha kitasa." Nikamtuma askari mbio. Hakukuta mtu, alikuta kipande cha sigara kwenye ngazi, bado kinatoa moshi. Yule dada akashuka na mkoba wake, akakaa kwenye kiti cha lobi mpaka adhana ya alfajiri, nami nikakaa naye. Hakunigombeza wala hakulia. Karibu na alfajiri aliniuliza neno moja tu: "Kwani ile namba ya chumba ulikuwa unaniambia mimi au unawaambia wao?"

Ulikuwa unaniambia mimi au unawaambia wao? Tangu usiku ule sijataja namba ya chumba kwa mdomo. Naiandika kwenye kikaratasi, namsukumia mgeni, namwambia, "Chumba chako ni hiki, lifti iko kulia." Gharama yake ni kalamu. Kijana wangu wa kaunta, anza leo jioni.

Na ufunguo ni hivyo hivyo. Anakuja mtu saa tano usiku: "Nipe ufunguo wa 118, mimi mumewe." Sisi watu wa pwani tuna haya. Mtu mzima, kanzu imepigwa pasi, kofia ya vito, unamkatalia vipi? Unamkatalia kwa adabu: "Kaa hapa mzee wangu, nimpigie huko juu." Akiwa kweli ni mumewe, atafurahi kuwa mkewe analindwa. Akikasirika sana, basi ngoja uone kama kweli ni mumewe.

Kuna jambo jingine dogo ambalo watu hawalihesabu kuwa usalama. Vitambulisho. Mgeni akifika tunachukua kitambulisho au pasipoti, tunatoa kopi, tunatia kwenye boksi. Boksi likijaa? Siku moja nilinunua karanga za shilingi kumi kituoni, nikakaa nikala. Kufungua ile karatasi nikakutana na uso wa mtu. Kopi ya kitambulisho! Jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, na pembeni muhuri wa hoteli niliyokuwa nafanya kazi. Mtu wa stoo aliuza karatasi kuukuu kwa kilo. Siku hizi tuna Sheria ya Kulinda Data, ya mwaka 2019, na hoteli iliyochukua habari za mgeni inabeba jukumu la kuzilinda. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, jamani, mgeni wako anafungiwa karanga?

Sasa kufuli.

Hili hapa. Nalitoa mkobani, mpitishane taratibu, ni zito. Tazameni lilivyopinda.

Ilikuwa Februari, kaskazi imeshika, joto lile la kulala juu ya sakafu. Hoteli ya ghorofa nne, jina silitaji, na aliyekuwepo kazini analijua. Stima zilikatika saa nne usiku. Na niwaulize wenye hoteli, jenereta zenu stima zikikatika zinawasha nini? Zinawasha lobi. Zinawasha baa. Feni za vyumbani hazimo. Basi wageni wamefungua madirisha, mbu wameingia, na mgeni mmoja wa ghorofa ya pili akawasha dawa ya mbu ile ya mzunguko. Hakuona kisahani, akaiweka juu ya zulia, chini ya pazia. Akalala.

Saa nane na robo nikasikia harufu. Si ya moto, ni ya nailoni inapoanza kukunjamana, inakwama kooni. Nilipofika ngazi kuu, moshi umeshaijaza. Nikapiga kelele, nikagonga milango kwa kiatu, watu wakatoka na kanga, na vikoi, mmoja na begi lake kichwani. Nikawapeleka ngazi ya nyuma. Tukashuka gizani, mimi mbele na tochi, nyuma yangu watu 23, mtoto analia. Tukafika chini. Mlango umefungwa, mnyororo na kufuli kwa nje.

Kwa nini? Kwa sababu Krismasi iliyopita wageni wawili walitoroka kwa mlango ule bila kulipa.

Na ufunguo uko wapi? Uko kwa msimamizi. Na msimamizi anakaa wapi? Anakaa Mtongwe.

Ndugu zangu, ufunguo wa mlango wa moto ulikuwa ng'ambo ya feri. Moto uko kisiwani, ufunguo uko ng'ambo ya feri! Nimpigie simu aamke, avae, atafute gari, angoje feri Likoni, avuke, apande mteremko ule akiwa na ufunguo mkononi?

Aliyetuokoa ni askari. Mzee wa Kigiriama, usiku kucha hasemi zaidi ya "salama". Alizunguka nje, akachukua nondo kwenye jengo lililokuwa linajengwa jirani, akaipenyeza kwenye kufuli, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote. Sisi ndani tunasikia chuma kinalia. Mara ya tatu likaachia. Hakufa mtu. Kiliungua kitanda, pazia na zulia la chumba kimoja.

Kesho yake asubuhi, mzee yule akaitwa ofisini. Mnadhani alipewa nini? Aliulizwa nani atalipa kufuli.

Mnacheka. Alikatwa kwenye mshahara. Nilipoona hivyo nikaliokota hilo kufuli kwenye pipa la taka, nimekaa nalo mpaka leo. Mzee yule hodari ndiye aliyelilipa, nami ni mtunzaji tu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba watu wakiwa ndani, mlango wa kutokea usifungwe hivi kwamba hauwezi kufunguliwa mara moja kutoka ndani. Unaogopa mgeni atatoroka na deni? Weka kengele badala ya kufuli. Mlango ukisukumwa, kengele inalia, askari anakuja. Au mlipishe mgeni anapoingia. Njia za kumzuia mtu asitoroke ni nyingi, na hakuna hata moja inayohitaji kumchoma.

Na ndiyo, najua, wengine mkisikia "usalama" hamfikirii kufuli, mnafikiria Kikambala. Tarehe 28 Novemba 2002, gari la mabomu likaingia kwenye hoteli iliyokuwa imejaa wageni waliotoka uwanja wa ndege. Waliokufa wengi walikuwa Wakenya, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wanawapokea wageni hao. Kioo kile mnachopitisha chini ya magari kimetokana na siku kama zile. Tena Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake wasije huku, kampuni za utalii zikaleta ndege kuwachukua wateja wao, na sisi tukarudishwa nyumbani kwa makundi. Nilikaa miezi saba bila kazi nikipika vitafunio vya kuuza. Kwa hivyo askari anapokagua gari, asikague kama mtu anayetimiza desturi. Nimewaona wengine wanapitisha kioo huku wanaangalia simu. Kioo kinaangalia chini, wao wanaangalia WhatsApp.

Tutoke kwenye moto, twende kwenye maji.

Mji huu umezungukwa na maji, na maji ni shida yake. Tunakunywa ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo, yanayokuja kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililofunguliwa mwaka 1957. Tunakunywa ya Baricho, kandokando ya mto Sabaki. Hayatoshi, na yakikatika tunarudi kwenye visima vyetu, na visima vya kisiwani mnavijua. Chumvi.

Sasa sisi tumezaliwa na chumvi hiyo. Mwalimu wa Eldoret je? Alikuja mmoja, harusi ya nduguye ni kesho asubuhi. Saa nne usiku akashuka kaunta, taulo begani, kipande cha sabuni mkononi, nywele zimesimama kama kifuu kisichofuliwa. Akaniwekea sabuni juu ya daftari: "Mama, hii sabuni yenu ni feki. Haitoi povu."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Uso wake ulivyobadilika, sijausahau. Mtu amesafiri siku nzima, amesugua kichwa nusu saa, na mwenyeji anamcheka. Nikamweleza kuwa maji ya chumvi hayatoi povu, sabuni haina kosa. Alinisikia, ila hakurudi tena. Na ni haki yake.

Tulikuwa na mama mmoja wa vyumbani, mtu wa Kaloleni. Aliposikia kisa hicho hakusema kitu. Kesho yake nikakuta katika kila chumba cha ghorofa yake ndoo ndogo yenye kifuniko, juu ya kifuniko kuna kata, na chini ya kata kikaratasi: "Maji matamu ya kusuuza." Ameyanunua kwa mtu wa mkokoteni, mtungi mmoja wa lita 20, akaugawa. Kwa pesa zake, mwanzoni! Meneja alitaka kumkaripia, eti ndoo inaharibu sura ya bafu. Lakini wageni wakaanza kuandika kwenye kitabu cha maoni. Ndoo, ndoo, ndoo. "Ahsante kwa ndoo." Mwaka ule tulikuwa tumetia lifti mpya kwa pesa nyingi. Hakuna hata mmoja aliyeandika habari za lifti.

Na kata hiyo si ya jana. Mwaka 1331, msafiri wa Moroko aitwaye Ibn Battuta alipita hapa Mombasa, akielekea Kilwa. Alikaa usiku mmoja. Zaidi ya miaka 20 baadaye, ameshazunguka mpaka Uchina, alipokuwa anasimulia safari zake, Mombasa aliikumbuka kwa nini? Alisema watu wake wanakula ndizi na samaki, ni wacha Mungu, na kwamba misikiti yao ina kisima mlangoni, na kata ya mti yenye mpini. Anayetaka kuingia anateka maji, anaosha miguu, na mlangoni kuna kitu kinene cha kufutia. Usiku mmoja! Na kitu kilichobaki kichwani mwake miaka ile yote ni maji, kata, na pa kufutia miguu.

Mgeni wenu wa leo haandiki kitabu, anaandika kwenye simu kabla hajafika stesheni ya Miritini. Lakini atataja mambo yale yale.

Starehe nyingine nizipitie haraka. Kibla: Maka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka hapa, hakuna hesabu ngumu, na bado nimeona hoteli ambayo mshale wa kibla darini ulikuwa unaelekea Mariakani, kwa sababu fundi wa rangi aliubandika palipokuwa na nafasi. Mzee mmoja aliswali siku tatu akielekea Mariakani. Adhana ya alfajiri: mgeni asiyeizoea mwambie mapema, au mpe chumba cha upande wa pili, asije akaamka akidhani kuna hatari. Na kunguni. Naam, nimewataja, msinikunjie uso. Kunguni hawaji kwa uchafu tu, wanapanda begi kama abiria. Tochi kwenye mshono wa godoro kila mgeni anapotoka, ndiyo dawa ya kwanza. Na ukiwapata, mgeni usimhamishie chumba cha pili yake. Wanapita ukutani, watamfuata kama ndugu.

Nimebakiwa na la huduma, na hili ndilo linaloniuma zaidi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumbani sawa, akalime. Lakini sisi hotelini tumeigeuza methali hii kuwa sera. Mgeni wa siku ya kwanza anapewa juisi ya ukwaju, begi linabebwa, anaitwa bosi. Siku ya tatu? Siku ya tatu ni fanicha.

Mlimwona mfanyabiashara yule wa Goma? Hamkumwona, lakini kila hoteli ya mji huu ina mmoja kama yeye. Bandari yetu inahudumia Uganda, Rwanda, Kongo, Sudan Kusini, na watu wao huja hapa kungoja mizigo. Huyu alikuwa anangoja magari mawili kutoka Japani. Ajenti anamwambia kesho, kesho, kesho. Akakaa usiku 19. Mtu mkimya, anatoka asubuhi na faili lake kwapani, anarudi magharibi amechoka.

Usiku wa nane balbu ya bafu lake ikaungua. Akanipigia. Nikaandika kwenye daftari la usiku, kwa sababu balbu ziko stoo, na mtu wa stoo ameondoka saa kumi na moja jioni na ufunguo wake. Asubuhi watu wa mchana hawakusoma daftari la usiku, wao wana lao. Jioni tena akauliza. Nikaandika tena. Akauliza mara ya tatu, kisha akanyamaza. Mgeni akinyamaza msidhani ameridhika.

Siku aliyoondoka nilimwandikia risiti. Akahesabu pesa zake kwa utulivu, akaniambia: "Dada, siku ya kwanza mliniita bosi. Siku ya pili mliniita kwa jina. Tangu siku ya tano mimi ni yule wa 307. Nimeoga kwa tochi ya simu usiku kumi na moja."

Usiku kumi na moja! Balbu ya shilingi mia mbili! Nilikuwa naijua ilipo, naiona kupitia kidirisha cha mlango wa stoo, boksi la tatu kutoka juu. Sikuwa na ufunguo. Najua mtaniambia, si ungetoa balbu ya lobi ukampa? Ningeweza. Mama wa Kaloleni angefanya hivyo usiku wa kwanza. Mimi niliandika kwenye daftari, na daftari lilinitosha. Hilo nalibeba mwenyewe.

Sasa nigeukie viti vya mbele. Wenye hoteli, nimewaheshimu saa nzima, mniwie radhi dakika mbili.

Mnamwekea mtu wa usiku sheria za mchana. Mnataka aokoe watu, na hana ufunguo. Mnataka amtulize mgeni aliyekosa maji, na hana ruhusa ya kumhamisha chumba bila kumwamsha meneja, na meneja akiamshwa anafoka. Mpeni funguo, zote, za stoo na za mlango wa nyuma, zitiwe sahihi zikipokewa na zikirudishwa. Mwekeeni shilingi elfu mbili kwenye droo, anunue mtungi wa maji au dawa ya kichwa ya mgeni, alete risiti. Mpeni simu yenye salio. Nimeona hoteli ya vyumba arubaini ambayo askari wake akitaka kupiga simu anabipu. Mpeni chakula, na si kiporo cha mchana kilichokwisha kuchacha. Na msichana anayetoka zamu saa kumi na moja alfajiri, gizani, mlimtakia mgeni wenu wa kike usalama, je yeye anafikaje Kisauni? Daftari liwe moja, la mchana na la usiku, na anayepokea zamu asome mbele ya anayekabidhi.

Mtaniuliza pesa zitoke wapi. Zitoke kwenye ile lifti.

Haya, mmecheka vya kutosha, na mimi nimesimama vya kutosha na magoti haya. Naambiwa wa zamu ya jioni mnaingia saa kumi, na sasa ni saa tisa na nusu, msije mkakatwa mishahara kwa ajili yangu. Chai iko nje, na viazi karai nimeviona kwa macho yangu.

Kabla hamjainuka. Wewe mwanangu wa mlangoni, mwenye koti la kijani. Umesimama tangu nianze, na hii yote nilikuwa nakusemea wewe. Kuna kiti kitupu hapa mbele, karibu na wakubwa. Njoo ukae. Mlango utalindwa na mimi, nimeulinda miaka 14.

(Alikuja akakaa, rungu lake magotini. Kufuli lilikuwa limezunguka ukumbi mzima, likamfikia yeye wa mwisho. Alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akaanza kutafuta pale nondo ilipoingia.)